Rubani Hatii Saini Angani

Sogeeni karibu, nawategea. Mtoto kazaliwa leo. Wa kwanza kumbeba si mama yake, wala si baba yake. Kambeba mara moja tu, kamzungusha, kamtua salama, kaweka alama yake, kaenda zake. Hakumlea, hakumpa jina, na mtoto akikua hatamjua. Ni nani huyo?

Nawasikia mnasema mkunga. Si mkunga. Nipeni mji. Masasi? Haya, Masasi nimeupokea, pamoja na soko lake na milima yake ya mawe. Newala msinipe, kule maji ni shida, nitachota wapi. Jibu mtalipata, lakini halitatoka kinywani mwangu. Litatoka kwa Erasto, kijana aliyempenda mjukuu wangu Dominika, akakaribia kumkosa kwa ajili ya kunyamaza.

Dominika ni mtoto wa binti yangu Anjelina, Mungu ampumzishe. Nimemlea mimi hapa Chiwata tangu hajaota meno. Sasa ni mwanamke, na siku za kazi anakaa Masasi, kwenye ghala la korosho. Kazi yake ni kukata. Anachota korosho kwenye gunia, anazipasua, anatazama ndani, anasema hii nzuri, hii imenyeshewa, hii iliangushwa mtini kabla ya siku zake. Ukitaka kumdanganya mtoto huyu, ujipange.

Erasto ni mtu wa Newala, kule juu kwenye ubaridi. Alisomea ufundi wa ndege Dar es Salaam, akafanya kazi kwenye karakana ya uwanjani, halafu akarudi kwao na kompyuta yake. Anasema huko Ulaya wako watu wanaofufua ndege za zamani, ndege za umri wangu mimi. Kila ndege ina kitabu chake, na ukurasa wa kwanza wa kitabu umeandikwa safari ya kwanza kabisa, siku ndege ilipotoka kiwandani. Mwisho wa mstari kuna saini. Jina halisomeki, ni mkwaruzo tu. Sasa wenye ndege wanataka kujua mkwaruzo ule ni wa nani. Wanaupiga picha, wanamtumia Erasto, naye anakaa anatazama.

Mimi niliposikia mara ya kwanza nilicheka mpaka kanga ikanilegea kiunoni.

Walikutana Masasi, kwenye steshenari ya karibu na stendi. Umeme ulikuwa umekatika na watu wamepanga foleni, kila mmoja na karatasi yake. Erasto alikuwa ameshika picha mbili za saini zilizokuzwa zikawa kubwa kama kiganja. Mkwaruzo ulifanana, lakini saini moja ilikuwa imenyooka, na nyingine imepinda kama mkia wa kenge. Dominika alikuwa nyuma yake. Akachungulia begani.

"Huyu wa pili aliandika amesimama," akasema.

Erasto akageuka. "Umejuaje?"

"Ghalani kwetu makarani wanasaini wamesimama, karatasi wameiegemeza kwenye gunia. Gunia lina tumbo. Kalamu ikifika kwenye tumbo inapanda, ikivuka inashuka. Ona, hapa imepanda. Hapa imeshuka."

Erasto akaitazama picha, akamtazama Dominika, akairudia picha. "Ubavu wa ndege," akasema polepole. "Ametua, akaegemeza kitabu kwenye ubavu wa ndege."

"Mimi nimesema gunia."

"Na mimi nilikuwa nakaribia kuwaandikia kwamba ni watu wawili."

Dominika anasema siku ile hakumtazama sana. Lakini ukimuuliza alikuwa amevaa nini, anakutajia mpaka kifungo kilichokuwa kimekatika.

Wakapendana. Erasto akampeleka Newala, kwenye ule ukingo ambapo ukisimama unatazama chini mpaka macho yanachoka, akamwonyesha mama yake na dada yake Queen. Dominika akamleta kwangu. Nilimpenda pale pale, maana alikula kisamvu changu akaomba tena. Tatizo lilikuwa moja.

Huku kwetu mwenye neno juu ya mtoto wa dada ni mjomba, na mjomba wa Dominika ni mwanangu Walter, ambaye nyumba yake iko hapo ng'ambo ya mikorosho. Na desturi yetu ya tangu zamani, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Anajenga huku, analima huku, wanawe wanakuwa wa huku. Siku hizi vijana wanapanga vyumba mjini, desturi wanaiacha kwenye hadithi za bibi zao. Sawa. Lakini mimi wanawake wa nyumba yangu wamekwisha, kabaki Dominika. Akiondoka yeye, moto wangu umezimika. Walter hataki uzimike. Na Dominika mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, hataki.

Basi siku moja alimsindikiza Erasto mpaka Nanganga, apande gari la Dar es Salaam kwa shughuli zake. Wamesimama kando ya barabara, wamekula mahindi ya kuchoma gunzi moja watu wawili. Dominika akamuuliza:

"Erasto, utakuja kukaa kwetu?"

Gari likatokea. Erasto akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama kwa yale macho yake ya kutazamia saini, akapanda gari. Likaondoka.

Walter alipopata habari akasema, "Mwanamume asiyejibu, kajibu." Nikamwambia, mwanangu, hata wewe ulipokwenda kuposa ulinyamaza mpaka mjomba wako akakufinya. Akanuna. Mwishowe akasema, "Haya, nampa muda. Korosho ya kwanza ikianguka hajaleta jibu, shauri hili nalifunga, na nisilisikie tena."

Mikorosho wakati huo ilikuwa bado na maua.

*

Wiki mbili hazijapita, nikiwa napepeta choroko, nikaona mtu anakuja na begi mgongoni.

"Hodi hapa. Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Erasto. Dominika yuko Masasi."

"Najua. Nimekuja kwako."

"Kwangu kuna nini?"

"Kazi. Nipe kazi, Bibi, na pahali pa kulala."

Nikaweka ungo chini. "Mpaka lini?"

"Mpaka nijue."

"Ujue nini?"

Akanyamaza. Mtoto huyu na kunyamaza, nikajisemea, atakuja kuoa jiwe. Lakini nikainuka, nikamfungulia kile chumba cha uani alichojenga marehemu mume wangu, nikampa jembe. Chini ya mikorosho majani yalikuwa yamefika magotini. Kabla korosho hazijaanza kuanguka lazima pawe peupe, la sivyo utaokota majani na nyoka.

"Kitu kimoja, Bibi," akasema. "Usimwambie Dominika."

Hapo ndipo aliponitwisha mzigo. Dominika wiki zile hakuja nyumbani, ghala lilikuwa linaandaliwa kwa msimu. Kila akinipigia simu ananiuliza, "Bibi, habari za huko?" nami namwambia nzuri, huku namwona Erasto kwa dirisha anavuta jembe kama anavuta ng'ombe asiyetaka. Yeye Erasto alikuwa anamtumia ujumbe, umeamkaje, naye anajibu, salama. Basi. Watu wawili wanaopendana wanaandikiana kama mwenyekiti na mjumbe.

Asubuhi alilima. Mchana alikaa barazani na kompyuta yake, anakuza picha, anapunguza, anaandika, anafuta. Walter akipita anamchokoza.

"Mtu wa Newala, leo umeoga au kile kikombe cha maji bado hakijajaa?"

"Shikamoo Mjomba. Nimeoga ndoo nzima. Nimeona aibu, kwetu ndoo hiyo ni harusi."

"Na hao wazungu wako hawajambo?"

"Wamekufa, Mjomba."

"Basi wape pole."

Walter anageuka haraka ili asionekane anacheka. Lakini jibu hakuwa amepewa, na kila jioni namwona anapita chini ya mikorosho, anatazama juu. Maua yalikwisha. Zikatoka korosho changa za kijani, mabibo yakaanza kuvimba. Nami nikawa naitazama miti hiyo kwa roho mbaya, miti niliyoipenda maisha yangu yote, naiambia, taratibu jamani, mnakimbilia wapi.

Jumamosi moja asubuhi akaja fundi Tahiri, seremala wetu, na mkokoteni wa mbao za mninga.

"Mama Walter, mbao za yule kijana niziweke wapi?"

"Za nini?"

"Kanikataza nisiseme."

"Zitakuwa za meza ya hiyo mashine yake."

Tahiri akacheka peke yake, akaziingiza chumba cha uani, akakaa humo anapimapima na kugongagonga. Sikumfuatilia, nilikuwa na mgeni wa kumpikia. Dominika alikuwa ameniambia yuko njiani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba gari lake liharibike kidogo.

Halikuharibika.

*

Alimkuta Erasto katikati ya shamba, jembe mkononi, shati limelowa mgongoni. Alisimama. Mimi nilikuwa jikoni, na jiko langu lina dirisha, na masikio yangu bado hayajazeeka.

"Umekuja kufanya nini?" Dominika akauliza.

"Napalilia."

"Naona. Nauliza umekuja kufanya nini."

"Karibu nyumbani, Dominika."

"Nyumbani kwa nani? Hapa mwenye kusema karibu ni mimi."

"Basi nikaribishe."

Dominika akageuza uso upande wa pili. Namjua. Akitaka kutabasamu na hataki, anageuka hivyo hivyo tangu akiwa mdogo.

"Uko hapa tangu lini?"

"Uliza nyasi."

Akayatazama majani yaliyolimwa, mti baada ya mti, mpaka kule mwisho kwenye mpaka na shamba la Walter. Akaelewa kwamba hii si kazi ya jana. "Na Bibi alijua," akasema.

"Nilimwomba asiseme. Usimgombeze."

"Nitamgombeza." Akasogea. "Nionyeshe mikono."

"Ya nini?"

"Erasto, mikono."

Akaitoa. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, yakaota magumu, yakapasuka tena. Dominika akaipokea kama anavyopokea korosho za mtu anayemhurumia, akapitisha kidole taratibu. Nikaona mabega ya kijana yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Na mikono hii ndiyo inayoshika picha za watu?"

"Siku hizi picha zina mchanga."

"Ulininyamazia Nanganga."

"Nilinyamaza."

"Nililia kutoka pale mpaka Ndanda. Kondakta akadhani nimefiwa, akakataa nauli yangu, akaniambia pole dada. Nikashindwa hata kumwambia kwamba aliyenifia yuko hai, kakaa dirishani kwenye basi lingine."

"Dominika."

"Usiniite. Unaniita kana kwamba jina langu ni jibu."

Alimwachia mikono, lakini hakuondoka. Walisimama pale, yeye anatazama jembe, Erasto anamtazama yeye, na mimi sufuria langu linaungua.

Ndipo Walter akaja. Hakuwa na haraka na hakuwa na mzaha. Amefumba kiganja. Alituita wote barazani, tukakaa mkekani, akafumbua kiganja na kuweka kitu katikati yetu. Korosho moja, kavu, ya kijivu.

"Imeanguka," akasema.

Kuku mmoja alikuja kuitazama ile korosho, Walter akamfukuza kwa kofia.

"Mimi nilisema na sirudi nyuma," akaendelea. "Lakini kwanza nataka kujua kitu, Erasto. Nikiulizwa msikitini kwa kina Tahiri au kanisani kwetu, huyo anayemtaka mtoto wa dada yako anafanya kazi gani, nijibu nini? Anasoma majina ya wafu?"

"Jina silisomi, Mjomba. Natazama mkono. Jina mtu anaweza kuliiga. Mkono una mwendo wake: unapoanzia, unapokaza, unapochoka. Nachukua vitabu vya ndege nyingine za kiwanda kile kile, natafuta mwendo ule ule, mpaka nipate penye jina lililoandikwa wazi."

"Na ukimpata, ni nani?"

"Ni mtu wa kwanza. Ndege ikitoka kiwandani, Mjomba, imechorwa, imepigiwa hesabu, imekazwa kila skrubu. Lakini angani haijafika. Hakuna anayejua. Lazima awepo mmoja wa kuingia peke yake, airushe, aizungushe, asikilize inalia wapi, aitue. Akishatua ndipo anatia saini kwamba inafaa. Halafu anakwenda kwenye nyingine. Ndege inakuwa ya watu, yeye anasahauliwa. Wanamwita rubani wa majaribio."

"Kama mkunga," Walter akasema.

"Kama mkunga. Ila hapa mtoto akidondoka, mkunga anadondoka naye."

Hilo ndilo jibu langu. Masasi chukueni, nawarudishia.

Dominika alikuwa ameinamisha kichwa, anaviringisha ile korosho kwa kidole. "Wanatia saini wakishatua tu?" akauliza. "Hakuna anayetia kabla?"

"Nilimpata mmoja mwaka jana. Saini imenyooka, imetulia, nzuri kuliko zote. Mwenye ndege alifurahi, maana jina lilikuwa la rubani mkubwa. Nikamwambia hapana. Mtu aliyetua kutoka safari ya kwanza mkono wake hautulii hivyo. Hiyo iliandikwa mezani, na mtu ambaye hakuruka. Alikasirika, akatafuta mwingine wa kumwambia anachotaka." Kisha Erasto akamgeukia Dominika. "Pale Nanganga ningeweza kukwambia ndiyo, Dominika. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Lingekuwa saini ya mezani."

"Ulichoogopa ni nini?" Sauti ya Dominika ilikuwa imepungua ukali.

Hapo Erasto alijibu.

"Baba yangu alimfuata mama kwao, kama desturi. Alikaa pale miaka yote analalia mkeka. Si kwamba alikosa kitanda. Mama alimwambia tununue, yeye anasema cha nini, mimi hapa mgeni. Siku aliyokosana na wajomba zangu alikunja mkeka, akachukua redio yake, akaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni, nimempisha apite. Alikuwa mwepesi, Dominika. Miaka yote ile, na mzigo wake ukaenea kwapani. Uliponiuliza vile barabarani, nikauona ule mkeka."

Walter alivua kofia, akaiweka gotini. Yeye naye analala kwa mke wake, ile nyumba ya ng'ambo ni ya kina mkewe. Sikumkumbusha, alikumbuka mwenyewe.

"Kwa hiyo ukaja kuruka kwanza," Walter akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Haya. Na ndege yetu inalia wapi?"

Erasto akanitazama kwa woga kidogo. "Niseme?"

"Sema," Walter akamwambia.

"Jogoo wako anawika kabla ya saa yake. Mtandao unapotea mchana, mpaka nipande kwenye kichuguu. Majirani wanaingia bila hodi. Na Bibi anazidisha chumvi."

"Nimemsikia," nikasema.

"Anazidisha," Walter akasema, na Dominika, ambaye nimemlea kwa chumvi hiyo hiyo, akatikisa kichwa kukubali. Tukacheka wote wanne. Kicheko kikaisha mapema, kwa sababu ile korosho ilikuwa bado pale mkekani.

"Mimi neno langu nimelimaliza," Walter akasema. "Asiyemwambia huyu binti kitu leo, asimwambie tena. Mama yako kule Newala anasemaje?"

"Mama yuko na Queen na shemeji yangu. Alinifungia unga mwenyewe siku naondoka. Alisema, usiende kama baba yako."

Dominika akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa lakini hayajamwagika. Akanyoosha mgongo, akakaa kama anavyokaa ghalani mbele ya gunia la mtu, kabla ya kupasua.

"Erasto, nakuuliza mara ya mwisho, mjomba anasikia na bibi anasikia. Utakuja kukaa kwetu?"

Safari hii gari halikutokea. Erasto aliweka mikono magotini, nikaiona inatetemeka, ile mikono migumu, na hakujaribu kuificha.

"Zile mbao alizoleta Tahiri asubuhi si za meza ya kompyuta," akasema. "Ni za kitanda. Nimempa Tahiri vipimo vya mlango wa chumba cha uani, nikamwambia kitanda kiwe kipana kuliko mlango, akiunge humo humo ndani. Kikishaungwa hakitoki tena. Siku mkinifukuza, Mjomba, itabidi mbomoe ukuta."